Nguo Zako Zinakauka, Mwanangu Rukia

Mji wa Kale, Mombasa
Alasiri, juu darini

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nazingoja nguo zako za mwisho zikauke nizitie mkobani. Kesho asubuhi Baba na wenzake wa kazini watakuteremsha ngazi ukiwa kitini, uende Tudor ukakae kwa Shangazi Zuhura. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni kama kawaida yangu, natazama miguu ya watu, na yote niliyotaka kukwambia nitabaki nayo. Wanijua. Kwa hivyo nayaandika. Macho yako hayashiki tena herufi ndogo, basi atakusomea Shangazi.

Shangazi, shikamoo. Soma polepole, na usiruke mahali, hata ukiona haya. Mimi nimeshaona haya kwa niaba yetu sote.

Nina ombi moja tu, mwanangu, nalitaja sasa ili usikae ukilingojea: nataka unywe maji. Huko Tudor, mbele ya Zuhura, unywe kikombe kizima. Mengine yote humu ni ndia ya kufikia hapo.

Mtu wa mbali akisikia nakuita mwanangu ataniona sina adabu. Nina miaka kumi na saba, nawe ni bibi yangu, mama wa baba yangu. Lakini aliyeanza ni wewe. Nilipozaliwa ulinipa jina la mamako, Mwanakombo, na tangu hapo hukunitaja kwa jina, kwa sababu mtu hamtaji mamake kwa jina. Umeniita mama. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukisimama mlangoni na buibui lako, ukiniambia, "Mama, nipe ruhusa niende sokoni," nami nikikujibu, "Nenda mwanangu, usichelewe," nyumba nzima ikicheka. Ulikuwa mchezo. Sikujua kuwa siku moja mchezo utageuka kazi.

Ugonjwa ulipokupooza upande wa kushoto na mkojo ukawa hauna tena saa, watu wazima walikaa kitako chumbani mwako kushauriana nani atakuosha. Mama alijitolea. Ukakataa. "Huyu ni mkaza mwanangu. Akishaniona hivyo, kesho nitamtazama kwa mato gani?" Shangazi akasema, basi mimi, ni binti yako. Ukakataa pia. "Wewe nilikuosha mimi. Hatuwezi kugeuziana." Baba alikuwa anatazama dirisha. Ndipo ulipoinua mkono wako mzima ukaninyoshea kidole mimi, niliyekuwa bado na mkoba wa shule mgongoni.

"Mamangu yupo. Mtoto huoshwa na mamake. Kuna mwenye la kusema?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Nilijisikia mkubwa, mwanangu, na papo hapo nikataka kukimbia.

Shangazi ndiye aliyeleta zile za plastiki za dukani. Alifanya kwa mapenzi na usimlaumu. Lakini joto letu hili na plastiki havipatani, ngozi yako ikachubuka mapajani, na kila ukijigeuza zilikuwa zikipiga kelele. "Nalia kama mfuko wa bajia," ulisema. Halafu lile neno lenyewe, nepi, hukulitaka kabisa. "Nepi ni za watoto. Mimi nipigeni uwinda." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu uugue, akakumbuka jinsi babu alivyokuwa akipitisha nguo katikati ya miguu na kuifunga kiunoni anaposhuka majini Liwatoni kukwangua mashua. Ukasema, "Basi yeye alipiga uwinda kuingia majini, mimi naupiga maji yakinitoka. Kuna tofauti gani?" Tangu siku hiyo ukawa uwinda, na neno lile likatupunguzia aibu sote.

Lakini mamako hakujua kushona uwinda. Nilitafuta maarifa kwa Kiingereza kwenye simu ya Baba. Niliyoyapata yalikuwa mazuri, ya watu wenye chumba cha kufulia na mashine ya kukaushia. Hakuna aliyetaja kisima cha maji ya chumvi, wala ngazi zetu, wala jirani anayekutazama kutoka ng'ambo ya uchochoro. Kwa hivyo nilijifunza kwa kukosea, na makosa yakakaa juu ya ngozi yako.

Kosa la kwanza unalijua. Nilikwenda Biashara Street kutafuta kanga za pamba, na yule mwenye duka akaniuliza kwa sauti, mbele ya wanawake wote waliokuwamo, "Za nini, binti? Za harusi?" Ningesemaje? Nikaitikia ndiyo. Basi akaniteremshia visutu, vile vyekundu na vyeusi na vyeupe vya bibi arusi, mama mmoja akanipa hongera, mwingine akauliza ni nani anayeolewa, nikasema, "Mwanangu," nikatoka mbio. Nilipokitandaza kisutu kimoja kitandani mwako ulikitazama muda mrefu.

"Mama, waniozesha?"

Tulicheka hadi ukalowa. Kisha kisutu kile kikakataa kunywa hata tone, kwa maana nguo mpya imejaa wanga, maji yaliteleza juu yake yakaenda kwenye shuka. Na rangi nyekundu ikachuja. Asubuhi Baba alipoona shuka alidhani ni damu, akakaa chini pale pale mlangoni.

Ndipo ulipoagiza sanduku lako lifunguliwe, ukanipa kanga zako za zamani, zilizokwisha kuwa laini hata hazina sauti zikikunjwa. Moja ulimbebea Baba. Nyingine ulikuwa ukijifunga jikoni kabla mimi sijazaliwa. Sikutaka kuzikata. "Kata, mama. Zimenywa uji wa watoto na machozi ya watu, mkojo wangu utazifanya nini?" Sharti lako lilikuwa moja, niutoe ukingo wenye maandishi. "Maneno siyakalii mimi. Huenda yakanijibu."

Shangazi, hizo ndizo zilizomo mkobani. Kanga kuukuu iwe upande wa ngozi, na katikati kipande cha taulo lililochakaa. Nimeshona ncha za mwisho tu, pembeni nimeacha wazi, ili maji ya kusuuza yapite na jua liingie ndani. Zile za mwanzo nilizishona pande zote, nene kama godoro, zikawa zinakauka nje na kuoza ndani. Ukishona nyingine mpime akiwa amekaa. Mimi nilimpima amelala, na alipokaa kamba zikamkata kiunoni naye hakusema, mpaka nilipoona alama. Hasemi, Shangazi. Hilo ndilo tatizo la mwanangu.

Kosa jingine lilikuwa mafuta ya nazi. Niliona ngozi imechubuka nikakupaka tele, kama unavyonipaka nywele, na mafuta yakaingia kwenye nguo, nguo zikaanza kuyakataa maji kama visutu vile. Nikaongeza sabuni. Sabuni isiyosuuzwa ikabaki kwenye nyuzi ikakuwasha. Nikaongeza mafuta. Nilikuwa nazunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kinu, mwanangu, na nilikuwa mchovu hata sikuona kuwa naizunguka shida niliyoitengeneza mwenyewe. Siku hizi nakuosha kwa maji, nakukausha kwa kugusagusa bila kusugua, nakuacha kidogo upigwe na upepo wa dirisha, na mafuta ni ya ncha ya kidole.

Halafu ni lile la udi. Hili linaniumiza zaidi.

Nilipoanza kuanika hapa juu, Bi Amina wa nyumba ya pili alichungulia dirishani mwake akaziona zimejipanga kwenye kamba. Unaijua sauti yake. "Mwanakombo! Kwenu kumezaliwa? Mbona hatukuletewa habari?" Uchochoro mzima ukasikia. Nilizianua zote zikiwa mbichi, na kuanzia hapo nikawa nazitandaza chini ya kitanda changu, gizani, feni ikizipulizia. Zikawa na harufu ya unyevu. Basi nikachukua chetezo chako, nikatia makaa na udi, nikawa nazifukiza kama zinavyofukizwa nguo za sherehe, na juu yake nikanyunyizia marashi. Nilijiona mwerevu. Ngozi yako ikawaka moto.

Lakini si ngozi peke yake. Ijumaa moja Mama alifukiza nyumba kama kawaida, nawe ukageuza uso ukutani. "Zimeni hiyo." Tukashangaa, udi ulikuwa roho yako. Ulifukizwa nao ulipoolewa, ukawafukizia wanao walipozaliwa. Ukaniambia baadaye, tulipobaki wawili, "Mama, udi sasa wanukia uwinda." Nilikuwa nimekunyang'anya harufu ya maisha yako yote ili jirani asinicheke mimi.

Ulinisamehe kwa namna yako. Ulitaka kitanda kisogezwe hadi dirishani, ukaniamuru nikaanike juu, mtana kweupe. Bi Amina akachungulia. Kabla hajafungua kinywa ukampigia ukelele mwenyewe, kwa hiyo sauti yako iliyopinda upande mmoja:

"Amina! Ndiyo, kumezaliwa! Nimezaliwa mimi! Uji wa uzazi u wapi?"

Akaja jioni na bakuli la uji wa pilipili manga, akakaa ukingoni mwa kitanda akilia na kucheka. Akaniambia kwa siri kuwa mumewe pia analowa, naye Bi Amina huzificha nguo hizo ndani ya jokofu lililoharibika. Siku hizi kamba yake na yangu zinatazamana.

Zianike juani, Shangazi. Usizifiche. Hiyo roshani yako ya Tudor inatazama watu, waache watazame.

Sasa nafika mahali nilipokuwa nikipazunguka.

Wiki ya mitihani ya muhula uliopita mfereji ulikauka. Maji matamu yalikuwa yakija kwa madumu juu ya mkokoteni, na mimi ndiye niliyeyapandisha ngazi. Ya kisima hayatoshi peke yake, kwa chumvi ile sabuni haitoi povu na nguo hukauka ngumu kama mkeka; lazima suuzo la mwisho liwe la maji matamu. Nilikuwa narudi shule nakuta ndoo imejaa, nakung'uta kinyesi chooni, nasuuza kwa maji baridi kwanza maana ya moto hugandisha harufu, nafua, napandisha, naanika, nakuja kukubadilisha, na ndoo imeanza tena kujaa. Kitabu cha historia kilikuwa kinanuka sabuni. Sisemi haya kujitetea. Nasema tu mikono ilikuwa imechoka.

Basi siku moja nilipokuletea chai nilijaza kikombe nusu. Sikuwaza kwa maneno, mkono ndio uliowaza: chai kidogo, nguo chache. Kesho yake nusu tena. Ukakitazama kikombe, ukanitazama mimi, ukanywa. Kisha nikaanza kukuta umeacha hata hiyo nusu.

"Mbona hukumaliza, mwanangu?"

"Sina kiu, mama. Wewe kasome."

Nami nikaenda nikasoma. Hilo ndilo linalonirudia: kwamba nilishuka ngazi nikiwa nimefurahi.

Mkojo ukawa mchache, wa rangi nzito, na harufu kali isiyoondoka. Nilidhani nguo hazitakati. Nikazifua zaidi, nikazisugua hadi nyuzi zikaachia, na kosa halikuwa la nguo. Halafu homa ikakupanda. Nilipokuja kukubadilisha ulinitazama kama mgeni ukaniita Mwanakombo, kwa jina, ambalo maisha yangu yote hukuwahi kuniita. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Watu wa nyumba hii walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu ikifika chini.

Kule hospitali daktari alikuuliza, homa ilipokuwa imepungua, "Bibi, unakunywa maji ya kutosha?"

"Tele," ukasema. "Mamangu hunipa tele."

Daktari akamtazama Mama. Mama akatazama chini. Mimi, mamako, nikajificha nyuma ya mwanangu nikanyamaza. Hujawahi kulitaja tena, na kila nikitaka kulitaja mimi umekuwa ukiniuliza habari za shule. Nalitaja leo. Nilikunyima maji, Rukia, kwa sababu nilichoka. Baba akilisikia hili kwa Shangazi na alisikie.

Tangu tuliporudi nakijaza kikombe hadi juu. Lakini funzo baya ulikwisha kulishika, na nililifunza mimi. Unakunywa ukinitazama usoni, na ukiona nimepiga mwayo unakiweka chini. Na juzi Shangazi alipokuja kukwambia habari ya chumba alichokuandalia alikuwekea maji ya ukwaju, ukalowesha midomo tu. Alipoondoka ukaniambia, "Zuhura ana kazi nyingi. Sitaki kumchosha." Mbele yake ulikubali kwenda upesi mno, "Mama amalize kidato chake cha nne asome," ukasema, kila mtu akakusifu. Mimi sikukusifu. Niliona ulilokusudia. Utakwenda kukaa katika nyumba ambayo mamako hayumo, na hutakunywa, ili usilowe, ili asikuguse mtu.

Basi sikiliza. Kwa kuwa ulisema mtoto huoshwa na mamake, na hakuna aliyekuwa na la kusema, hilo neno bado linasimama, na mimi ndiye mama. Mama akiachana na mtoto humwachia mtu anayemwamini. Nakuachia mikono ya Zuhura. Nimempa ruhusa mimi, si Baba wala daktari. Usimkatalie, maana utakuwa umenikatalia mimi. Wala usiseme hamuwezi kugeuziana. Wewe na mimi tumegeuziana mara ngapi? Na akikosa subira niambie, nitakuja Jumamosi nimkemee, kwa kuwa ukihesabu vizuri Shangazi ni mjukuu wangu.

Shangazi, samahani. Ni kweli lakini.

Mbadilishe kila adhana, hata kama hajalowa sana. Mwalimu wa chuo cha Kurani alituambia aliye na udhuru kama wake huoshwa, huvishwa nguo safi, hutawadha wakati ukishaingia na husali hivyo hivyo. Alikuwa ameacha kusali akidhani hafai, na siku alipoanza tena alilala usingizi ambao sijamwona nao tangu augue. Udi usiuwashe karibu na nguo zake. Uwashe sebuleni, Ijumaa, mlango ukiwa wazi, umfikie kwa mbali. Labda atageuka.

Mimi nimechoka, mwanangu, nakwambia kweli. Mgongo unaniuma kama wa mtu mzima, na kesho jioni nitakapokuwa sina ndoo ya kuteremsha nitakaa kitandani nisijue mikono niiweke wapi. Lakini uchovu ni wangu. Si wako kuubeba kwa kukaa na kiu. Hata Zuhura akichoka, na atachoka, mwache achoke. Aliyechoka hulala, huamka. Midomo mikavu ile niliyoiona hospitali sitaki kuiona tena.

Jua limeshuka hadi ukuta wa Bi Amina. Nimesimama kuzigusa kwa shavu, moja moja, hasa pale katikati kwenye taulo. Zimekauka. Zina joto kama mkate. Nazikunja sasa.

Shangazi, weka karatasi chini kidogo. Jaza kikombe, kile chake cha bati nilichokitia juu ya mkoba, hadi ukingoni. Mpe kwa mkono wa kulia, ule mzima, usimshikie. Usipige mwayo.

Kunywa, Rukia. Chote.

Kisha lowa, mwanangu. Nguo ziko tele.

Mamako,
Mwanakombo